Dhahabu ya Sekenke na Elimu ya Kwanta

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega hukata nchi ya Wanyiramba hata akafika ukingoni mwa nyanda za juu. Hapo barabara huinama ghafula, ikajipinda, ikateremka kuelekea Shelui na mbuga kubwa ya Wembere. Mteremko huo ndio Sekenke. Madereva wa malori huutaja kwa hofu, na wachimbaji huutaja kwa tamaa, maana katika miamba ya sehemu hizo mna dhahabu, nayo imewatoa watu jasho kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wajerumani, ambao wazee wa zamani waliwaita Wadachi, ndio walioanzisha uchimbaji mkubwa pale. Mgodi wa Sekenke ulianza kutoa mazao katika mwaka wa 1909. Wakati huo reli ya kati ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika mwaka wa 1912. Kituo cha utawala kilikuwa Mkalama, na amri zilizofika Mkalama zilikuwa zimetoka mbali sana, Berlin, zikapitia Dar es Salaam. Mtu wa Iramba aliyeponda mawe katika mgodi ule alijua kwamba kitu cha manjano kilichomo ndani yake kilipendwa mno na wakubwa wake. Kwa nini kiwe cha manjano hakuambiwa. Na lau angaliwauliza wakubwa hao, wasingaliweza kumjibu, kwa sababu katika mwaka wa 1909 hapakuwa na mtu duniani aliyejua.

Katika mwaka uleule wa 1909, katika mji wa Manchester huko Uingereza, watu wawili walikuwa wakikaa gizani saa nyingi wakitazama kipande cha karatasi ya dhahabu. Mmoja alikuwa Mjerumani, Hans Geiger. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden. Mwalimu wao alikuwa Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Dhahabu waliyoitumia ilikuwa imefuliwa hata ikawa nyembamba mno. Dhahabu inapofikia wembamba huo hupitisha nuru, na mtu akiitazama kwa kuielekeza kwenye taa huiona ina rangi ya kijani. Upande mmoja waliweka kitu kilichotokana na radi, ambacho hutoa chembe ndogo ziendazo kasi ziitwazo chembe za alfa. Walitaka kujua chembe hizo zitapindishwa kwa kadiri gani zikipita katikati ya dhahabu. Karibu zote zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu. Lakini chache sana, moja katika maelfu, zilirudi nyuma zilikotoka.

Jambo hilo lilimsumbua Rutherford kwa muda wa miaka miwili. Mwaka wa 1911 alitoa jibu lake: atomi, yaani ile chembe ya msingi ya dhahabu, karibu yote ni mahali patupu. Uzito wake wote umekusanyika katikati, katika kiini kidogo kisichoweza kuonekana hata kwa hadubini, na elektroni ziko mbali kukizunguka. Chembe ya alfa iliyorudi ni ile iliyokutana na kiini uso kwa uso.

Haifai kusema kwamba dhahabu ya Manchester ilitoka Sekenke. Hakuna ushahidi wa jambo hilo, na mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kujenga daraja pasipo na mto. Wala haifikiriki kwamba Geiger au Marsden alipata kulisikia jina la Iramba. Lakini kuna neno moja la kweli ambalo ni kubwa kuliko ushahidi wa namna hiyo. Madini mengi yana atomi za uzito mbalimbali zilizochanganyika, na kwa mchanganyiko huo mtaalamu huweza pengine kutambua yalikotoka. Dhahabu haiko hivyo. Dhahabu yote ya asili ina atomi za aina moja tu, kila moja ina protoni 79 na nyutroni 118 katika kiini chake. Na elimu iliyozaliwa baada ya mwaka wa 1911 husema zaidi ya hayo: atomi mbili za namna hiyo zikiwa katika hali moja hazifanani tu kama pacha, bali hakuna alama yoyote, iliyo wazi wala iliyofichika, iwezayo kuzitenga. Atomi iliyopondwa na mtumishi wa Sekenke na atomi iliyopigwa na chembe za Geiger zilikuwa kitu kimoja kwa maana kamili kuliko zote ambazo bongo za wanadamu zimepata kuifikia.

Elimu hiyo huitwa fizikia ya kwanta. Watu wengi wa bara hili huihesabu kuwa ni mambo ya Ulaya, ya kusomwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa. Neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ya asili ni "kiasi gani". Hivyo halina ugeni wa kumtisha Mswahili aliyezaliwa katika nchi ya vibaba na pishi. Lilianza Berlin, mji uleule uliotoa amri za Mkalama. Tarehe 14 Desemba 1900 Max Planck alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaeleza habari ya rangi ya vitu vinavyopashwa moto. Mhunzi yeyote anajua kwamba chuma kikiingia motoni huwa chekundu, kisha huelekea manjano, kisha huwa cheupe. Hesabu za zamani zilishindwa kabisa kueleza jambo hilo ambalo mvukuto wa kijijini hulionyesha kila siku. Zilitabiri kwamba kitu chenye moto kingetoa nuru ya zambarau na ile iliyo zaidi ya zambarau bila mwisho. Planck aliona kwamba hesabu hukubaliana na moto ikiwa tu nishati haimiminwi kama maji, bali hutolewa kibaba kwa kibaba, na wala hakuna nusu kibaba. Ukubwa wa kibaba hicho hutegemea rangi ya nuru na tarakimu moja ndogo sana ambayo leo yaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe hakuipenda fikira hiyo. Alidhani ni hila ya hesabu tu, akatumia miaka mingi kujaribu kuiondoa.

Atomi ya Rutherford haikuweza kusimama bila kibaba cha Planck. Kwa sheria za zamani, elektroni inayozunguka kiini ingepoteza nishati yake kwa kutoa nuru, ikaanguka katikati kabla ya mtu kupepesa jicho, na dhahabu yote duniani ingekuwa imekwisha kuporomoka. Niels Bohr wa Denmark, aliyekaa Manchester na Rutherford kwa muda, alisema mwaka wa 1913 kwamba elektroni ina daraja zake maalumu, na hakuna mahali pa kusimama baina ya daraja na daraja. Miaka 12 baadaye kijana Werner Heisenberg alitoa hesabu kamili ya mambo hayo, na mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger akatoa yake, iliyochukua elektroni kuwa ni wimbi. Ikaonekana kwamba hesabu hizo mbili ni moja. Max Born akaongeza katika mwaka uleule kwamba wimbi hilo halisemi elektroni iko wapi. Lasema tu matumaini ya kuikuta mahali fulani ni kadiri gani. Hapo ndipo fizikia ilipoacha kuwa elimu ya mambo yatakayotokea kwa hakika, ikawa elimu ya mambo yawezayo kutokea na kadiri ya kuwezekana kwake.

Baina ya Bohr na Heisenberg kulikuwa na vita. Katika maabara ya Manchester alikuwamo kijana mwingine, Henry Moseley, ambaye mwaka wa 1913 alianza kupima eksirei zitolewazo na elementi mbalimbali. Aligundua kwamba kila elementi ina sauti yake, kama ilivyo kwa nyuzi za zeze, na kwamba kutokana na sauti hiyo mtu aweza kuijua namba ya elementi hiyo, yaani idadi ya protoni zake. Kwa njia hiyo alionyesha hata nafasi zilizokuwa wazi katika orodha ya elementi, ambazo zilikuja kujazwa baada yake. Vita vilipoanza alijiandikisha jeshini. Akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoifikisha dhahabu ya Sekenke katika mikono ya watu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na serikali ya Wadachi katika Afrika Mashariki haikuweza kupata fedha kutoka kwao. Basi katika mwaka wa 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, dhahabu ya Sekenke iligeuzwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja walichora tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake; upande wa pili tai wa Kaisari. Zilifuliwa sarafu 16,198. Tarehe 19 Septemba ya mwaka huo Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, na kazi ikawa imekwisha. Leo tembo wa Tabora huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya na Marekani, na wanunuzi wengi huijua Tabora kwa sababu ya sarafu hiyo. Sekenke hutajwa kwa maneno machache, kama hutajwa. Ni ajabu kwamba kazi ya mafundi wa miezi michache imeacha jina kubwa zaidi kuliko kazi ya wale walioingia mashimoni kwa miaka.

Kila sarafu ina dhahabu robo tatu. Kwa hesabu, ndani ya tembo mmoja mna atomi za dhahabu takriban 16 ikifuatwa na sufuri 21. Na hapa lile swali ambalo halikuwa na jibu katika mwaka wa 1909 larudi. Fedha ni nyeupe, shaba nyeupe haina ajabu, chuma ni cha kijivu, karibu metali zote duniani zina weupe wa namna moja au nyingine. Kwa nini dhahabu iwe ya manjano? Schrödinger hakutosha kulijibu. Kiini cha dhahabu kina protoni 79, na elektroni zilizo karibu nacho huvutwa kwa nguvu nyingi hata mwendo wake hupita nusu ya mwendo wa nuru. Kitu kiendacho kasi hivyo hakitii hesabu ya kwanta peke yake. Hudai pia ile elimu ya Einstein ya mwaka wa 1905. Mwingereza Paul Dirac aliziunganisha mbili hizo katika mwaka wa 1928. Kwa hesabu ya namna hiyo, iliyofanywa na wataalamu wa baadaye, hudhihirika kwamba daraja za elektroni katika dhahabu zimesogea: nyingine zimeshuka, nyingine zimepanda, na nafasi iliyobaki baina yake ni sawa na kibaba cha nuru ya buluu. Basi dhahabu humeza buluu, hurudisha iliyobaki, na iliyobaki machoni mwa mwanadamu ni manjano. Lau nuru ingekuwa na mwendo usio na mpaka, dhahabu ingekuwa na rangi kama ya fedha, na huenda Wadachi wasingalijisumbua kupanda Iramba.

Jirani wa dhahabu katika orodha ya elementi ni zebaki, yenye protoni 80. Wachimbaji wadogo wa Iramba, kama wenzao wa Geita na Chunya, huijua kwa mikono yao: huimimina katika mchanga uliosagwa, ikaikamata dhahabu, kisha huichoma ikatoka moshi na dhahabu ikabaki. Ni metali pekee iliyo maji katika hali ya hewa ya kawaida, na sababu yake ni ileile iliyoipa dhahabu rangi. Elektroni zake za nje zimevutwa ndani mno hata atomi hazishikani sawasawa. Jambo hilo lilikuwa likidhaniwa kwa miaka mingi. Hesabu zilizolithibitisha zilichapishwa mwaka wa 2013. Katika mwaka huohuo mataifa yaliafikiana katika Mkataba wa Minamata kuipunguza zebaki duniani, kwa sababu moshi wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na huwadhuru zaidi watoto walio tumboni. Hivyo urahisi unaomvutia mchimbaji na sumu inayomngoja vimo katika chombo kimoja, na kwa kadiri kubwa urahisi huo, na wepesi wa zebaki kugeuka mvuke, ni kazi ya elektroni zilezile. Mama anayechoma zebaki katika kikaango nyuma ya nyumba yake amekaa karibu na fizikia ya kwanta kuliko profesa wengi.

Mwaka wa 2019 Tanzania ilianza kufungua masoko ya madini mikoani, ili wachimbaji wadogo wauze mahali pa wazi na kwa bei inayojulikana. Katika masoko hayo dhahabu hupimwa mara mbili. Kwanza huwekwa mbele ya mashine itoayo eksirei, na baada ya muda mfupi mashine husema ni sehemu ngapi za dhahabu, ngapi za fedha, ngapi za shaba. Mashine ile haifanyi jambo lingine ila lile alilolifanya Moseley: huipiga atomi, ikasikiliza sauti yake, ikatambua namba. Muuzaji wa Shelui ambaye zamani alitegemea jiwe la kusugulia na ulimi wa mnunuzi, sasa hulindwa na ugunduzi wa kijana aliyekufa Gallipoli. Pili, huwekwa mizanini. Na hapo pia, kwa sadfa ya kupendeza, mwaka ni uleule: tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha metali kilichofungiwa karibu na Paris. Imefungwa katika tarakimu ya Planck. Kila gramu ya dhahabu inayouzwa nchini sasa ina asili yake katika kile kibaba alichokipima mtu wa Berlin asiyekipenda.

Utafiti wa siku hizi haukuiacha dhahabu. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, viini vya dhahabu vilianza kugonganishwa mwaka wa 2000 kwa kasi iliyokaribia ile ya nuru, ili protoni na nyutroni ziyeyuke na wataalamu waone hali ya ulimwengu katika nukta zake za kwanza kabisa. Mwaka wa 2005 walitangaza kwamba walichokiona kilitiririka kama kimiminiko. Nazo kompyuta za kwanta, ambazo mataifa makubwa hushindana kuziunda, hufanya kazi katika baridi kali kuliko ile iliyo baina ya nyota, zikining'inia katika sahani za shaba zilizopakwa dhahabu. Lakini habari hizi ni ndefu, na ziko mbali na Singida. Kuna jambo lililo karibu zaidi, nalo haliko Iramba bali kusini, katika wilaya ya Manyoni.

Nchi ya Manyoni, kama sehemu kubwa ya mkoa, imekaa juu ya mawe ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni ndugu wa yale mawe makubwa yaliyorundikana kando ya ziwa Singidani, ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. Ndani ya matale mna urani kidogo sana, iliyotawanyika. Mvua huiyeyusha polepole, maji huipeleka katika mabonde yasiyo na mlango wa kutokea, jua huyakausha maji, na urani hubaki katika udongo mweupe wa mbuga pamoja na vanadi, ikafanya madini ya manjano yaitwayo karnotaiti. Kwa hiyo Singida ina manjano mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kijerumani ilitafuta urani katika sehemu za Bahi na Manyoni. Baada ya mwaka wa 2000 bei ilipanda na kampuni za Australia zikaja kwa shauku. Kisha mwezi Machi 2011 ikatokea ajali ya Fukushima huko Japani, bei ikaanguka, na shauku ikapoa.

Urani ndiyo iliyofungua mlango wa elimu hii yote. Chumvi yake ndiyo iliyomshangaza Henri Becquerel mjini Paris mwaka wa 1896. Katika mawe yake ndimo Marie na Pierre Curie walimoipata radi mwaka wa 1898. Na radi aliyoitumia Rutherford, iliyoazimwa kutoka Vienna, ilikuwa kizazi cha urani. Hivyo katika chumba kile cha Manchester manjano mawili ya Singida, au ndugu zao, yalikutana.

Lakini kwa nini chembe ya alfa itoke? Swali hili lilijibiwa mwaka wa 1928 na George Gamow, na kando yake na Gurney na Condon. Mfano wake wafahamika kwa mfugaji yeyote wa Kinyaturu. Mbuzi amefungiwa zizini. Ua la miiba ni refu, na nguvu zake hazitoshi kuliruka. Lango halikufunguliwa na mwiba haukung'olewa. Kwa sheria za zamani mbuzi yule atalala ndani hata afe. Kwa sheria ya kwanta, chembe ni wimbi, na wimbi halikomi ghafula penye ua. Mkia wake mwembamba hutokeza upande wa pili, na palipo na mkia huo yapo matumaini madogo ya kumkuta mbuzi nje. Katika urani matumaini hayo ni madogo kupita kiasi, lakini majaribio ni mengi na atomi ni nyingi. Katika gramu moja ya urani ya kawaida, iliyotengwa na vizazi vyake, chembe za alfa takriban 12,400 hutoka kwa kila sekunde kutoka atomi za aina iliyo nyingi zaidi. Ni atomi gani itakayofuata hakuna ajuaye. Einstein alikataa kata kata kwamba hakuna cha kujua. Alishikilia kwamba iko sababu iliyofichika. Mabishano yake na Bohr yalidumu hata kufa kwake, na majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1970, ambayo watu watatu walitunukiwa tuzo ya Nobel kwayo mwaka wa 2022, yalionyesha kwamba sababu ya aina aliyoitaka haipatikani.

Mambo haya si ya mjadala wa profesa tu. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika Katanga, uko mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Wamarekani kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji wa Katanga waliyachukua mawe yale kwa mikono, na hawakuambiwa ni nini. Kulikuwa na siri ya vita. Lakini hata pasingekuwa na siri, kwa lugha gani wangeambiwa?

Swali hilo lilirudi katika karne hii, wakulima wa mpunga na wavuna chumvi wa mbuga za Bahi na Manyoni walipotaka kujua vumbi na maji yao yatakuwaje mgodi ukifunguliwa. Serikali ilikuwa na chombo cha kuangalia mambo hayo: Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1983, ambayo kwa sheria ya mwaka wa 2003 ikawa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Elimu ya kuwajibu ilikuwapo pia. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi. Mtu aweza kukaa kando ya jiwe la urani asipate dhara kubwa. Ikiingia mapafuni pamoja na vumbi, au pamoja na ile hewa ya radoni ambayo urani huizaa, hapo haina ngozi ya kuizuia, nayo huweza kuleta saratani. Mambo mawili hayo yote ni kweli, na anayelisema moja na kulificha la pili hudanganya, awe ni mwenye kutaka mgodi au mwenye kuupinga.

Lakini Kiswahili cha kuyasema mambo mawili hayo ni haba. Neno litumikalo zaidi ni "mionzi". Jua lina mionzi, taa ina mionzi, simu ina mionzi, hospitali hupiga mionzi, na urani ina mionzi. Mtu akiambiwa mkutanoni kwamba madini haya yana mionzi, mmoja hufikiri habari ya jua na hacheki wala haogopi. Mwingine hufikiri habari ya Hiroshima na hukimbia. Wataalamu wa lugha walijaribu kuliziba pengo hilo. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka wa 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maneno kama "mnururisho" na "nururifu" yapo. Hayakufika sokoni wala mkutanoni, kwa kuwa lugha ya fizikia katika shule za sekondari ilibaki Kiingereza, na neno lisilofundishwa darasani halina njia ya kufika kijijini. Mtoto wa Itigi huanza kusikia habari za atomi katika lugha ambayo wazazi wake hawaijui, na akirudi nyumbani hana maneno ya kuwapa. Si kwamba lugha haiwezi. Lugha iliyoweza kuita kiini "kiini" na wimbi "wimbi", na yenye kibaba cha kupimia, ilikuwa na nusu ya kazi imekwisha kabla ya Planck kuzaliwa.

Urani ya Manyoni imebaki katika mbuga zake. Ng'ombe hupita juu yake wakati wa kiangazi, na masika maji hutuama juu yake. Chini yao zile atomi zaendelea na desturi yake bila kumngoja mtu. Kwa aina iliyo nyingi zaidi, nusu ya atomi hubadilika katika muda wa miaka takriban bilioni 4.5. Kwa kuwa matale ya Singida yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mtu aweza kukokotoa: katika kila atomi tatu za urani hiyo zilizokuwapo mawe yalipoganda, mbili bado zipo, na moja imekwisha kuwa risasi.